Mkwe Amefunga Choo

Maradhi nayo yana matabaka. Ukiugua malaria, majirani watakuja na machungwa na kukupa pole. Ukivunjika mguu, hata mtu mliyenuniana naye atakushika mkono ushuke kwenye daladala. Lakini ukifunga choo, huna pa kupelekea taarifa. Unakaribishwa chai, unajibu, "Ahsante, nimeshiba," na wala husemi uongo: cha juzi bado kimo.

Mimi yalinikuta ukweni, Tanga, mahali ambapo mwanamume hatarajiwi kuwa na tumbo ila la kulia. Choo cha nyumba ile ni kimoja, kiko pembeni mwa ua, na mlango wake wa bati hauna komeo. Komeo ni kikohozi. Aliye ndani akisikia kandambili zinakuja, anakohoa, na anayekuja anageuza. Utaratibu huo unamfaa mwenye haja ya dakika moja. Mwenye shida kama yangu akikohoa robo saa nzima, watu wataanza kuulizana kama amepima kifua kikuu. Tena ili ufike huko, sharti umpite mama mkwe aliyekaa mkekani akichagua mchele, nawe umeshika kopo la maji lisilofichika hata kwa shuka.

Basi kila nikibanwa, haya inanirudisha barazani. Utumbo mpana hauijui haya. Kazi yake mojawapo ni kufyonza maji, na kadiri mzigo unavyokaa humo ndivyo unavyozidi kukauka. Saa yake nzuri ya kusukuma ni baada ya kifungua kinywa, maana chakula kikiingia tumboni, nao huamka. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo saa ambayo ua ule hujaa watu kuliko stendi ya mabasi.

Halafu kuna mapochopocho ya mgeni: pilau, chapati, nyama, ugali wa sembe nyeupe. Matembele wanakula wenyeji. Mkwe hapewi majani. Sembe ile imekobolewa ikaachwa haina pumba, na pumba ndizo zinazokipa choo wingi na ulaini. Kwa kifupi, nilifungwa kwa heshima zote.

Siri nilimwambia mke wangu peke yake. Kufika adhuhuri, nyumba nzima ilikuwa na madaktari. Shemeji akanipeleka duka la dawa, ambako kijana wa kaunta alijaliwa sauti ya mwadhini. "Choo kigumu, au hakuna kabisa?" Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja nyuma yangu akamjibu: "Hakuna kabisa, hebu mtazame alivyosimama!"

Jirani akaleta mafuta ya nyonyo. Babu wa mke wangu akatoa sanamaki kwenye kibweta. Nilipositasita, shemeji akaghadhibika: "Dawa ya wazee hii, haina neno!" Akakoroga kikombe kizima usiku ule, akakinywa yeye mwenyewe ili nione. Sanamaki huchukua saa sita hadi kumi na mbili kufanya kazi, na shemeji alikuwa na basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Alitupigia simu toka Segera. Nyuma ya sauti yake basi lilikuwa likipiga honi, naye hakuwa ndani yake.

Mama mkwe hakusema neno. Ila asubuhi ile nilikuta mezani papai bivu na mtungi wa maji, na mchana ugali ukawa wa dona, kwa maharage na yale matembele yaliyokuwa haramu kwangu. Maji alisimamia ninywe, kwani mboga na pumba bila maji huweza kuzidisha tatizo. Kesho yake, chai ilipokwisha, akapiga makofi: "Haya, wote sokoni, mkanisaidie kubeba!" Ua ukabaki na kuku.

Choo kile ni cha kuchuchumaa, na hapo kina sifa yake: magoti yakipanda, njia hunyooka. Wenye vyoo vya kukaa waweke kigoda chini ya miguu. Faida ni ileile. Anayetoka damu, anayetapika, anayepungua uzito bila sababu, au aliyevimba tumbo kwa maumivu na hata upepo hautoki, huyo asingoje papai, aende hospitali. Na anayemeza vidonge vya madini ya chuma amwambie daktari, kwa kuwa navyo hufunga.

Mimi kigoda sikukihitaji. Sikukohoa hata mara moja.

Mchana, wote wakiwa wamerudi, mama mkwe akaniuliza huku akitazama sinia, "Mkwe, umeamkaje leo?"

"Salama, mama."

"Alhamdulillahi!" ikaitika nyumba nzima, pamoja na jirani wa ng'ambo ya ukuta.