Wiki Moja na Orodha ya APF

Jumatatu. Programu ya kijana wetu imekufa na msimbo S047, maana yake imeomba huduma ambayo z/OS huitoa kwa wenye kibali tu. Anaapa kuwa aliiunganisha kwa AC=1. Ni kweli. Lakini AC=1 ni programu kujisemea yenyewe; mfumo hutazama pia imetoka maktaba gani, na yake haimo kwenye orodha ya APF. "Mzee, mbona haniamini huyu?" Nimemjibu kuwa hata mimi haniamini.

Jumanne. Maktaba imeingizwa kwa amri ya SETPROG. S047 ileile. Kijana ameorodhesha maktaba kadhaa katika STEPLIB, mojawapo ya majaribio yake, isiyo na kibali. Ikiwemo moja ya namna hiyo, zote hukosa. Wahenga walilisema hili kuhusu samaki. IBM wamelisema kwa kurasa nyingi zaidi.

Jumatano. Mtu wa diski amehamishia maktaba ya bidhaa moja kwenye volyumu mpya. Kwenye orodha yetu jina la maktaba huandikwa pamoja na volyumu yake. Jina lipo, volyumu ni ya zamani, bidhaa imegoma. Mtu wa diski yuko harusini.

Alhamisi. Programu inayokwenda salama ikiitwa kutoka LNKLST imeitwa kwa STEPLIB, kutoka maktaba ileile, ikakosa kibali. Hapa LNKAUTH imewekwa LNKLST: maktaba huaminiwa ikifikiwa kwa njia hiyo, kwa njia nyingine lazima iwemo kwenye orodha. Nimemweleza meneja ndani ya lifti. Ameshuka ghorofa isiyo yake.

Ijumaa. Mkaguzi ametoa orodha kwa D PROG,APF. Amekuta jina la maktaba iliyokwisha kufutwa. Tumecheka, yeye hakucheka. Mwenye uwezo wa kuunda maktaba ya jina hilo kwenye volyumu hiyo ataweka humo programu yake, aipe AC=1, na ikishaanza itumie MODESET kujipandisha hadi ufunguo sifuri. Hapo RACF haina la kumzuia. Amesema sawasawa, na keki yetu hakugusa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una ruhusa ya kuandika kwenye maktaba yoyote ya APF na hujui ulipewa ya nini, mwambie mtu wa usalama leo hii. Simu yake ya mezani haifanyi kazi. Panda ngazi.