Barua ya wazi kwa Mfalme Charles wa Tatu kuhusu herufi nne

Kwa Mtukufu Mfalme Charles wa Tatu, mwenye taji, Mkuu wa Jumuiya ya Madola, bwana wa kasri la Windsor na mlezi wa lugha ambayo hata wenyewe huiita Kiingereza cha Mfalme.

Shikamoo, Mtukufu. Shikamoo ya pili iwe akiba, endapo ya kwanza itazuiliwa langoni. Mimi ni mzima wa afya. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Najua waraka huu hautakufikia, na ukikufikia utasomwa na karani, naye karani atanijibu kwa mistari miwili ya adabu. Naishukuru mistari hiyo kabla haijaandikwa.

Nakuandikia kutoka Mtopanga, Kisauni. Ulipotutembelea Mombasa Novemba 2023, ulionekana kwenye tuktuk ya umeme pale Fort Jesus, nasi tulifurahi. Mtopanga hukujaaliwa kufika, kwa hiyo hukuwasikia watoto wetu wakiandika imla ya Kiingereza.

Herufi ninazozililia ni o, u, g na h zikifuatana. Katika "though" mtoto huambiwa atamke "ou". Katika "through" ni "uu", katika "tough" ni "af", katika "cough" ni "of", katika "bough" ni "au", na katika "thought" ni "oo". Ahsante, Mtukufu. Lugha bahili zingempa mtoto sauti moja akashika njia yake. Yako imemkirimu sauti sita, na bado hatujafika mwisho wa ukarimu.

Mimi si mtovu wa shukrani. Mwaka 1928, enzi za baba wa babu yako, maofisa walikutana hapa hapa Mombasa wakaamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita chetu kilisogezwa kando mjini kwake chenyewe, na baadhi ya sauti zake hazikupewa herufi hadi leo. Tulipokea. Angalau maandishi waliyotuachia yananyooka: mtoto akishajua silabi zake, husoma hata neno asilowahi kulisikia. Kinachonishangaza, kwa unyenyekevu wote, ni kwamba watu waliojua kutunyooshea sisi hawakujinyooshea wenyewe.

Na tatizo liko mlangoni pako. Ng'ambo ya mto Thames, jirani kabisa na Windsor, upo mji wa Slough, nao hutamkwa "Slau". Nyoka anapojivua gamba, Kiingereza hutumia herufi zile zile, lakini sasa husomwa "slaf". Sijui walinzi wako humwelekeza vipi mgeni aliyepotea. Loughborough ndiyo imeniwia nzito zaidi: "ough" mbili katika jina moja, na hazifanani hata kidogo.

Wajuao wanatueleza kwamba zamani "gh" hiyo ilikuwa sauti halisi ya kooni, ndugu wa "kh" na "gh" zetu, na Waingereza wakiitamka bila haya. Kisha ikaanza kufifia. William Caxton alipoleta uchapaji Westminster mwaka 1476, wachapaji waliendelea kuziandika herufi zile, na sauti ikazidi kufa: hapa ikageuka "f", pale ikanyamaza kabisa. Mmeizika sauti, mkaliacha jiwe la kaburi katikati ya njia, na wanaojikwaa ni watoto wa Kisauni. Mwaka 1949 Bunge lenu liliwekewa mswada wa kurekebisha tahajia, likaukataa kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu, Mtukufu! Nazishukuru zote tatu kwa niaba ya wazazi wa Mtopanga, ambao mtoto wao aliyekohoa usiku kucha huandika "kof" asubuhi, akakatwa alama kwa ugonjwa anaoujua kuliko msahihishaji.

Basi ombi langu ni dogo. Sauti mliyoipoteza sisi tunayo. Tunaitumia kila siku katika ghali, ghafla, ghuba na lugha. Watoto wa chuoni huitoa ghaini safi kabla hawajaota meno ya pili. Tafadhali waamuru raia zako waitamke upya katika kila neno lenye herufi hizo, kuanzia wakazi wa Slough. Na koo zikigoma, walete wabunge wako Mtopanga. Tutawatandikia majamvi, mwalimu atawakalisha na vitoto vya miaka sita, na mahamri na mbaazi ni juu yetu. Wewe, kwa heshima ya cheo chako, utakaa safu ya mbele.

Jumatano kutakuwa na imla. Itasomwa na watoto wetu, kila neno mara moja tu, na itasahihishwa kwa kalamu nyekundu kama wanavyosahihishiwa wao. Atakayeandika inavyosikika atakatwa alama. Atakayeuliza kwa nini ataambiwa ndivyo ilivyo. Atakayefeli atarudia darasa, na hatutajali ametoka kasri gani.

Nabusu mikono yako, nikingojea tarehe ya safari.

Mtiifu wako,
Mzazi wa Mtopanga