Maombi Yanauzwa Rotterdam

Kiswahili kimetudekeza. Neno hata liwe refu kama treni ya mizigo, mkazo utaukuta kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiwaacha wakaidi wachache kama barábara. Shemeji yangu, mlokole wa Bukoba, alihamia Rotterdam na sikio hilohilo.

Waholanzi wao hubandika nomino juu ya nomino bila kuacha hata upenyo, kisha mkazo mkuu kwa kawaida wanaupa ile ya kwanza. Hospitali ni ZIEkenhuis. Shemeji anatamka zieKENhuis, na dereva wa teksi anakunja uso. Hilo linavumilika. Balaa ni pale usipojua neno ulikate wapi.

Jioni moja alisimama dukani mbele ya ubao wa matangazo, jasho linamtoka. "Shemeji, njoo uone dunia ilikofika. Wanauza maombi!"

Tangazo lilisema: massagebed te koop. Yeye alikuwa amekata massa-gebed, maombi ya umati, mkazo juu ya MAS. Na bei ipo, euro 80. Nilipomweleza kuwa ni masSAge-bed, kitanda cha kukandia mwili, hakutulia; kitanda cha namna hiyo nacho alikuwa na maswali nacho.

Nisimcheke peke yake, maana wenyeji nao hujikwaa humo humo. Kerstomaatjes ni nyanya zile ndogo za saladi, KERS-tomaatjes, lakini jicho la haraka huona KERST-omaatjes: vibibi vya Krismasi, tena si vile vya mchele na nazi. Dijkramp ndiyo mbaya zaidi, na hapo pia mkazo uko mwanzoni popote utakapokata. Dijk-ramp ni maafa ya tuta la kuzuia maji. Dij-kramp ni kubanwa na msuli wa paja. Katika nchi ambayo mafuriko ya Februari 1953 yaliua watu 1,836, hapo si pa kubahatisha.

Ukishazoea mkazo wa mwanzoni, wanakuletea stadHUIS (jengo la manispaa) na boerenKOOL (mboga ya majani), mkazo umehamia mwishoni. Mwalimu wa shemeji akiulizwa sababu hujibu kwamba ukikaa sana utasikia tu. Shemeji kakaa sana.

Na dawa wanayo! Kanuni rasmi za tahajia yao zinaruhusu kistari pale neno linapoweza kusomwa vibaya: massage-bed, kers-tomaatjes. Enyi wenye matangazo, kitieni. Kistari hakilipiwi kodi.