Lumbesa ya Sauti

Mpunga ukishavunwa Madibira, mashamba ya skimu hupumzika, masikio yakaanza kazi. Wanunuzi wameshalipa, baa imetundika shuka jeupe ukutani, na yule bwana ambaye msimu mzima hakufungua mdomo kwenye mkutano wa ushirika sasa kashika maiki, haachii. Kachagua wimbo wa Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, bila hata kumwomba radhi marehemu. Anaimba kwa kipimo cha lumbesa: wimbo umeshajaa, yeye bado anashindilia juu na kushona kamba.

Mwenye kesi ya karaoke hii yupo. Daisuke Inoue, Mjapani wa Kobe, aliunda mashine ya karaoke mwaka 1971, wala hakuikatia hataza. Mwaka 2004 wakampa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, tena ya amani, eti kawafundisha binadamu kuvumiliana. Hawakukosea sana. Hapa maneno yanakimbia kwenye shuka, yule bwana anayafukuza kwa mbali, na meza zote zinapiga makofi. Msidhani ni huruma. Tumeshaandikisha majina, na anayefuata ni mimi.