Kamba ya Mshikamano

Kuvuta kamba ndiyo dawa ambayo ofisi nyingi huwaandikia watumishi wasiopatana. Ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na sifa zake za kuleta maelewano si haba: London mwaka 1908, Wamarekani walijitoa wakilalamikia mabuti ya wapinzani wao, polisi wa Liverpool. Nchini Tanzania huchezwa kwenye SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa serikali, wizara kwa wizara. Kampuni binafsi huupeleka ufukweni Bagamoyo, pamoja na mbio za magunia na fulana za sare. Mkurugenzi huwekwa mwisho wa kamba, kwenye nafasi ya nanga, hata kama uzito wake wote uko kwenye cheo. Upande wa pili huteleza kwa adabu. (Mhasibu aliyevuta kwa nguvu zake zote hukumbukwa likizo zinapopangwa.) Kisha huja nyama choma, hotuba ndefu, na foleni ya kusaini posho, shughuli pekee ya siku hiyo ambayo watu hushirikiana bila kuhimizwa. Jumatatu, faili lililokwama kati ya masijala na uhasibu huwa bado liko palepale.