Sifa za Waya Uliokatika

Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi. Mwanazuoni Erasmus alichapisha sifa za upumbavu mwaka 1511. Hakuna hata mmoja wao aliyeikumbuka pikipiki iliyokata moto, wala siwalaumu: hawakuwahi kupiga kiki asubuhi pale Nkuhungu, Dodoma, abiria wa Mtumba ameshapanda, mkoba mapajani, anatazama saa, na chombo hakitoi hata mguno. Deni hilo nalilipa mimi. Naisifu hitilafu ya umeme, mama wa subira, mwalimu asiyelipwa na halmashauri yoyote.

Tazama kwanza adabu yake. Tairi likipasuka hupiga kelele, mnyororo ukikatika hulala barabarani kila mtu auone. Waya ukikatika hunyamaza. Nje plastiki nzima, inang'aa. Ndani shaba imeshaachana. Na makazi uyapendayo ni shingo ya usukani, pale unapokunjwa kila unapokata kona. Usukani kushoto, taa inawaka, kulia, giza. Fundi mzuri huunasa hapohapo, anageuza usukani taratibu huku jicho likiwa kwenye taa. Fundi mbaya anakuuzia betri.

Halafu kuna ukarimu wake wa kuitisha vikao. Dodoma ilitangazwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na kwa vikao haijambo. Lakini nitajieni kikao kinachotimiza akidi kwa dakika tatu, bila barua ya mwaliko, bila maji ya chupa, bila posho. Pikipiki ikigoma, dereva wa bajaji anasimama, muuza karanga anatua beseni, na mzee aliyekuwa akielekea soko la Sabasaba anainama kuchungulia.

"Mjukuu wangu, mafuta yamo?"

"Shikamoo babu. Yamo."

"Basi plagi hiyo."

"Plagi wapi, babu," anadakia kijana ambaye hakuna aliyemwona akifika. "Sidiai imekufa. Badilisha."

Maskini sidiai! Kiboksi cheusi cha kuamuru cheche ya plagi, kisichofunguka, kisicho na wa kukitetea, hushitakiwa kwa makosa ya wote.

Na usawa wake je? Pikipiki ya mamilioni inalazwa na fyuzi isiyozidi bei ya soda, kama karani wa masjala anavyolilaza faili la mkurugenzi: hana ubaya na mtu, ila faili halijapita kwake. Wapo wasiomheshimu mdogo huyu. Fyuzi ikiungua, wanazungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, pikipiki inawaka, wanapongezana. Wamesahau kwamba fyuzi iliwekwa ife yenyewe ili waya upone. Ikishaondolewa njiani, shoti iliyostahili kugharimu soda hupandishwa cheo: inayeyusha nyaya zote chini ya tanki, na mwenye chombo ananunua wayaringi nzima, huku hesabu ya bosi ikimsubiri jioni.

Asiyegomewa hajui chombo chake kinaishije. Ni hitilafu inayokufunulia kwamba umeme wa stata na umeme wa plagi si lazima wanyonye ziwa moja. Kwenye pikipiki nyingi za kazi moto wa plagi hutoka kwenye magneti, ndiyo maana mtu mwenye betri mfu anapiga kiki na kwenda zake Hombolo. Kwenye nyingine sidiai inakula kutoka kwenye betri, na hapo utapiga kiki mpaka goti likuombe talaka. Ukibonyeza stata ukasikia ta-ta-ta-ta, relei inaita na betri haina nguvu ya kuitika. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi, angalia swichi ya klachi, na kabla ya yote ile swichi ya kuzimia upande wa kulia, ambayo watoto wanaipenda kuliko peremende. Betri ya volti 12 iliyoshiba, ikiwa imepumzika, husoma karibu 12.6; ikiwa chini ya 12, usiitukane stata. Kisha fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, egemeza chuma chake kwenye injini, mbali na tundu lake na harufu ya petroli, piga kiki. Cheche ya bluu, kavu? Umeme hauna kesi, nenda kabureta. Cheche ya njano iliyochoka, au hakuna kabisa? Rudi nyuma waya kwa waya.

Nyanda hizi za kati zimeilea hitilafu vizuri. Pwani wana chumvi na kutu yao. Sisi tuna vumbi. Kiangazi kizima linajaa kwenye soketi na swichi bila kudai kitu, mvua za Desemba zikidondoka linageuka tope, na umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi badala ya kuruka kwenye plagi. Joto nalo linakausha betri za maji, na dereva asiyesahau petroli hasahau kusahau maji ya betri. Ongeza spika mbili, taa za rangi na honi ya lori, vyote vimeungwa kwa meno na selotepu.

Wanaotamani pikipiki isiyo na umeme waikumbuke ya Daimler, huko Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885. Haikuwa na koili wala plagi. Mafuta yaliwashwa na kijibomba kilichochomwa hadi kikaiva, chini ya kiti. Inasimuliwa kwamba kiti kilishika moto. Hapo testa ya nini? Aliyekalia alipata majibu mwenyewe.

Mwishowe fundi anafika kutoka Majengo na balbu yake yenye nyaya mbili. Hasemi neno. Anagusa hapa, anagusa pale, anafika kwenye boliti ya waya wa ethi, imejaa kutu na vumbi. Anaisugua kwa msasa, anaikaza, pikipiki inawaka kwa kiki moja. Kikao kinavunjika bila kupitia yatokanayo, beseni la karanga linarudi kichwani, na yule kijana anaondoka akiwaeleza wenzake kwamba alishasema, sidiai ilikuwa imelegea.