Tarakimu 60 Gizani

Mtu wa Mabatini, mtaa wa vilima vya mawe jijini Mwanza, si adui wa mabadiliko. Aliyejenga juu ya jiwe, akapandisha saruji ndoo kwa ndoo hadi mahali ambapo hata mbuzi husita, hawezi kuitwa mwoga wa mambo mapya. Bajaji zilipokuja alizipanda. Matangazo ya analojia yalipozimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, alinunua king'amuzi huku akinung'unika, na antena ya zamani akaipa kazi ya kuanikia nguo. Asichokikubali ni kukuta kitu ambacho vidole vyake vilikifanya gizani sasa kinadai maelezo. Ndiyo maana nashikilia hoja moja ambayo wataalamu wa mifumo huipokea kwa uso wa mtu aliyenyweshwa mwarobaini: mfumo ukibadilishwa, anayepiga kelele kuliko wote mara nyingi ndiye aliyekuwa akiujua kuliko wote. Kelele yake ni taarifa, na taarifa husomwa, hainyamazishwi.

Ushahidi upo ukutani, karibu na mlango. Mwaka 2024 shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Hakukuwa na malipo wala fundi wa kupanda ngazi. Mteja alinunua umeme kama kawaida, ila badala ya tarakimu 20 alizozizoea akapokea mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuiweka mita sawa, la tatu ndilo lenye umeme. Kwenye karatasi hilo ni jambo dogo. Kwenye nyumba ya wapangaji sita wanaochangia mita moja, saa mbili usiku, ni mkutano wa hadhara. Mmoja anasoma, mmoja anabonyeza, wa tatu ameshika tochi ya simu yenye chaji asilimia nne, na waliobaki wanatoa ushauri ambao haukuombwa. Tarakimu 60 ni sawa na kumsomea mtu namba tatu za kitambulisho cha NIDA kupitia dirishani huku sato anaungua jikoni. Aliyeanza na fungu la tatu, kwa hoja nzito kwamba ndilo alilolilipia, alikataliwa na mita bila hata kuulizwa habari za nyumbani.

Sasa tazama nani aliumia. Bibi ambaye siku zote humwita mjukuu abonyeze hakuona tofauti yoyote; mita ilikuwa fumbo kwake jana na ni fumbo leo. Aliyefedheheka ni mpangaji yule bingwa, anayeingiza tarakimu 20 kwa kidole gumba bila kutazama na kuondoka kabla taa haijawaka. Usiku huo mita ilimvua cheo mbele ya mashahidi. Akifoka, ofisi itamwandika kuwa mteja mkorofi, kumbe kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa tawi lao lisilolipwa mshahara: akielewa yeye, nyumba nzima imeelewa, akikwama, nyumba nzima inanunua mishumaa.

Wapo watakaosema: watazoea tu. Ni kweli nusu. Februari 2017 WhatsApp iliondoa yale maneno mafupi ambayo mtu aliyaweka chini ya jina lake, ikaleta picha na video zinazotoweka baada ya saa 24. Watumiaji walilalamika, na mwezi uliofuata maneno yakarudishwa. Lakini picha nazo hazikuondoka, na leo kuna wauza vitenge ambao duka lao lote limo humo. Kwa hiyo waliobadilisha hawakuwa wajinga, na waliolalamika hawakuwa wakaidi. Kampuni ingetulia na kusema "watazoea", pengine wangezoea, kama mguu unavyozoea kiatu kinachobana: kwa kuchechemea.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kuna mabadiliko yasiyo na njia ya kurudi, na ukimsikiliza kila anayelalamika hutabadilisha hata balbu. Mita za LUKU ni mfano halisi. Kila unaponunua umeme, ndani ya zile tarakimu hufichwa namba ya dakika, ambayo hadi wakati huo ilihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hubeba dakika 16,777,216 tu, na ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, siku ambayo hakuna bosi aliyeichagua. Baada ya hapo mita ingekataa umeme mpya. Basi hapakuwa na la kujadili kuhusu kubadilisha au kutobadilisha. La kujadili lilikuwa namna ya kusema. Mtaani, neno "kuboresha" likitoka ofisini husikika kama "kupandisha bei". Na neno "mfumo" lina rekodi yake: Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulipata hitilafu, na wateja wakakaa siku kadhaa wakishindwa kununua umeme ambao hela yake walikuwa nayo mkononi. Mtu aliyepitia hayo huwezi kumtuliza kwa tangazo lenye nembo. Mwambie kama mwenye duka la mkopo angemwambia: daftari limejaa, tunafungua jipya, deni lako halijaguswa. Hata asiyejua dakika zinahesabiwaje anajua daftari hujaa. Atanung'unika bado, maana kunung'unika ni haki ya aliyebonyeza mara 60, lakini atanung'unika huku anabonyeza.

Daftari hilo jipya nalo lina kurasa zake. Hesabu sasa inaanzia mwaka 2014, na itajaa mwaka 2045. Ni nadra kwa usumbufu kutangaza tarehe yake miaka 20 kabla, hivyo hakuna atakayekuwa na kisingizio cha kushtukizwa. Mtoto anayejifunza kuhesabu leo huko Mabatini ndiye atakayekuwa bingwa wa mita wa nyumba yake. Kama ofisi zimejifunza kitu, zitamtafuta yeye kwanza, zimweleze, zimsikilize akifoka, ndipo zitume tarakimu. Tochi ya simu, hata hivyo, itakuwa na asilimia nne.